Mabaki ya mizinga ya vita vya Marekani (1861 hadi 1865): jinsi ya kuanza kukusanya bila kupigwa, kukamatwa wala kulipuka

Wakuu, hii ni kwa mlioko Marekani au mnaonunua vitu kutoka kule, hasa nyie wa Virginia, Maryland, Pennsylvania na Georgia, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipita vikaacha chuma kibao ardhini na mpaka leo kinaendelea kuibuka. Naongelea vitu vya mizinga tu, sio risasi za bunduki wala vifungo vya magwanda, hivyo vina watu wake. Mizinga ndio kitengo kinachowachanganya watu zaidi maana duara la chuma lenye kutu unaloliona mezani kwa muuzaji linaweza kuwa historia kweli, linaweza kuwa tufe la michezo la shule lililozikwa likashika kutu, na linaweza kuwa bomu zima ambalo toka 1863 linasubiri mtu wa kulichokoza.

Ushauri wangu nautoa mapema kabisa ili asiyependa kusoma marefu aondoke nao: anza na vipande. Vile vipande vya makombora yaliyopasuka, ambavyo wauzaji huwa wanavirundika kwenye boksi chini ya meza wakati juu wamepanga yale mazima yanayong'aa. Watu wanavidharau, ila kipande bei yake ni ndogo, mtu wa kukughushia hapati faida yoyote, na ni salama kwa sababu kilishalipuka. Alafu ukijua kukisoma vizuri kitakwambia mzinga uliokifyatua, mara nyingine na upande gani uliokitengeneza. Mazima yaje baadaye, jicho likishakomaa.

Tuanze na sheria maana hapa ndipo wageni wengi wanapojichanganya. Viwanja maarufu kama Gettysburg, Antietam, Shiloh, Vicksburg na Petersburg viko chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, na humo ndani huruhusiwi kuchimba, kuokota hata kipande kilicholala juu ya majani, wala kutembea na ditekta ya kutafutia chuma mkononi, yani ile kuwa nayo tu tayari kwa kazi ni kosa. Sheria ya 1979 ya kulinda mali za akiolojia kwenye ardhi ya serikali kuu haina utani: kosa la kwanza ni faini hadi dola 10,000 na jela hadi mwaka mmoja, na kama thamani ya ulichochukua pamoja na gharama ya kurekebisha uharibifu vinazidi dola 500 basi inapanda hadi dola 20,000 na miaka miwili. Ukirudia, hadi 100,000 na miaka mitano. Mwaka 2016 pale Petersburg walikuta mashimo mengi yamechimbwa ndani ya hifadhi, ikawa kesi ya serikali kuu, kwahiyo usidhani ni mambo ya kuandikiwa kibao tu.

Kwenye shamba la mtu binafsi ni habari nyingine, ila ruhusa iwe ya maandishi na iwe na sahihi ya mwenye shamba, sio ya mpangaji wake wala ya kijana uliyemkuta anaendesha trekta. Karatasi ieleze pia nani anachukua kitakachopatikana. Ardhi za majimbo na za halmashauri kila moja ina kanuni zake na nyingi zinakataza kabisa, uliza kabla hujashusha ditekta kwenye gari. Na ukinunua, swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: kimetoka shamba gani? Akijibu "kimetoka Gettysburg" alafu akaishia hapo, ama anakuuzia jina ama anakuuzia kitu cha wizi, na vyote viwili huvitaki. Jina la Gettysburg linapandisha bei kuliko jina lolote, ndio maana kuna vyuma vingi "vya Gettysburg" ambavyo havijawahi hata kuivuka Pennsylvania. Kinachotakiwa ni jina la shamba lililokuwa la mtu binafsi, mwaka kilipochimbwa, na ikiwezekana lebo ya zamani ya aliyekichimba.

Sasa hatari. Hapa msiruke mistari jamani.

Baruti nyeusi haina tabia ya kufa yenyewe. Inaweza kukaa ndani ya kombora miaka 160 kwenye udongo wenye maji, ikija kukauka inawaka. Na baadhi ya fyuzi za kugonga, yani viwashio vya kulipua kombora likigonga kitu, zina kile kifuniko kidogo chenye kemikali inayoshtuka kwa kupigwa, hiyo nayo haijui kama vita viliisha. Februari 2008 huko Virginia mkusanyaji mzoefu kabisa, mtu aliyekuwa ameshashughulikia makombora mengi maishani, aliuawa nyumbani kwake na kombora la mzinga wa meli la pauni 75 alilokuwa analitengeneza, na kipande kimoja kikaruka kama robo maili kikaenda kutua kwenye kibaraza cha nyumba nyingine. Huyo alikuwa mtaalamu. Oktoba 2016 kimbunga Matthew kilifukua matufe ya mizinga ufukweni Folly Beach, South Carolina, wakaja watu wa mabomu kuyaharibu. Februari 2023 mwanaakiolojia akiwa kazini Little Round Top pale Gettysburg akaibua kombora ambalo halijalipuka, jeshi likaleta kikosi cha kutegua mabomu kutoka Fort Belvoir kikalichukua kwenda kuliteketeza.

Kwahiyo ukiwa unachimba shambani kwa ruhusa yako nzuri, ditekta ikapiga kelele nene ya chuma kikubwa, na sepeto ikafunua mgongo wa kitu cha mviringo au chenye umbo la risasi kubwa, acha. Usikigonge kusikiliza mlio, usikitoe, usikimwagie maji, na tafadhali usikiweke kwenye buti la gari ukampelekee rafiki yako "anayejua". Weka alama, sogea mbali, piga 911. Utasikia watu wanalalamika kwamba kikosi cha mabomu kitakuja kulipua historia, na ni kweli mara nyingi wanalipua, inauma, lakini hakuna kombora lenye thamani ya mikono yako.

Kwa yale mazima yanayouzwa, kuna watu wenye vifaa maalum wanayatoboa wakiwa wamekaa mbali, kwa mtambo unaoendeshwa kutoka nje huku maji yakimwagika muda wote, alafu wanaiosha baruti yote ikatoka. Hiyo ni kazi yao. Video za mtu kafunga kombora kwenye jiliwa gereji kwake anatoboa kwa drili ya mkono zipo mtandaoni, usiige hata kama kaweka ndoo ya maji pembeni. Ukinunua zima, tafuta tundu la kutobolea, huwa liko ubavuni au kwenye kitako. Mulika tochi ndani, uone ukuta wa chuma upande wa pili. Muuzaji makini ataandika kwenye risiti kwamba limetolewa baruti na nani kalitoboa. Na kosa wanalofanya wengi ni kuona tundu la fyuzi liko wazi wakajua basi liko tupu. Baruti iliyolowa ikaganda inashikamana na kuta za ndani kama saruji, tundu wazi sio ushahidi wa chochote. Asipokuonyesha tundu la drili, mrudishie pale mezani taratibu, sema asante, songa mbele.

Haya, tuje kwenye raha yenyewe, vipimo. Unahitaji vitu vinne tu: kalipa ya kupimia kipenyo inayofunguka angalau inchi saba, mzani mzuri, sumaku ndogo, na tochi. Mimi naviamini hivi kuliko maneno ya muuzaji yeyote hata awe na meza nzuri kiasi gani.

Matufe ya mizinga yalitengenezwa kwa saizi maalum maana yalikuwa lazima yapite kwenye pete ya kupimia kabla jeshi halijayapokea. Tufe gumu la mzinga wa pauni 6, yani ule unaofyatua tufe la uzito huo, lina kipenyo cha inchi 3.58. La pauni 12, yani la ule mzinga maarufu wa Napoleon ambao mdomo wake ni inchi 4.62, lenyewe ni inchi 4.52. Pauni 24 ni inchi 5.68, pauni 32 ni inchi 6.25. Ukikuta tufe la inchi 5 au 3, hilo karibu kila mara ni la mashine ya kusagia mawe migodini au ni uzito wa geti la zamani, na hayo yapo kwa maelfu. Kutu inaweza kula au kuvimbisha kidogo, sawa, ila haiwezi kukupa nusu inchi.

Alafu pima uzito na ufanye hesabu hii ndogo: chukua kipenyo kwa inchi, fanya kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, jibu lizidishe kwa 0.134. Unapata uzito wa tufe gumu la chuma cha kusubu kwa pauni. Kwa inchi 3.58 inakuja kama 6.15, kwa 4.52 inakuja kama 12.4, na orodha za jeshi zilisema 12.3, kwahiyo hesabu iko karibu mno. Raha ya hesabu hii ni kwamba inakujibu maswali mawili kwa mpigo. Mzani ukisoma juu sana ya hapo, sio chuma cha aina ile, una chuma cha kisasa au kitu kilichojazwa madini ya risasi. Ukisoma chini sana, hicho kitu kina uwazi ndani, yani ni kombora, na uwazi unaweza kuwa na baruti. Hapo unaacha kukipima na unaanza kumuuliza muuzaji maswali.

Ila kuna mtego. Kombora la tufe lililojazwa gololi za madini ya risasi (la pauni 12 lilikuwa na gololi 78 ndani) linaweza kukaribia uzito wa tufe gumu, kwahiyo uzito kuwa sawasawa hautoshi kukuambia liko salama. Hapa ndipo sumaku inapokula mshahara wake. Tufe likiwa na ganda nene la kutu fyuzi huioni kabisa, lakini fyuzi nyingi za wakati ule zilikuwa za mchanganyiko wa bati na risasi, au za shaba, na sumaku haishiki hapo. Pitisha sumaku taratibu uso mzima wa tufe, kila sehemu inanasa, inanasa, alafu ghafla mahali pa ukubwa wa kisoda inaachia. Umeshapata fyuzi iliyojificha. Lile sio tufe gumu tena, na kama halina tundu la drili liache palepale na mwambie mwenye meza alichonacho, maana mara nyingine hajui kweli.

Mtego mwingine ni lile tufe la michezo la shule la pauni 12. Ukifanya hesabu utaona tufe la chuma la pauni 12 kipenyo chake ni karibu inchi 4.47, yani limekaribia sana lile la Napoleon, ukilizika bustanini likashika kutu hata mzoefu anaweza kulikodolea macho. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, au kiziba kidogo cha duara ambapo walijazia madini ya risasi kurekebisha uzito. Matufe magumu ya vita hayana "12" iliyogongwa ubavuni, hakuna mpiga mzinga aliyehitaji kukumbushwa.

Na zile gololi ndogo ndogo zinazouzwa kama "grape", yani shada la gololi za chuma lililofyatuliwa kwa mpigo mmoja, kaeni macho. Mzinga wa pauni 12 wa uwanjani ulikuwa unafyatua kopo la bati lenye gololi 27 za chuma, kila moja kama inchi moja na nusu, ile ndio kanista. Grape halisi ilikuwa ni ya meli na ya ngome, kwenye mizinga ya uwanjani ilikuwa imeshapitwa na wakati vita vinaanza. Kwahiyo gololi ya inchi moja na nusu kutoka shambani ni kanista, bei yake ni ya kanista, usilipie jina.

Turudi kwenye vipande vyangu sasa, maana nimesema ndio pa kuanzia.

Umeshika kipande cha ukubwa wa kiganja, kimepinda kidogo, upande wa nje laini kiasi na wa ndani umekwaruza. Unajuaje kilikuwa tufe la saizi gani? Chukua kadibodi ngumu, ikate polepole mpaka ukingo wake ukae sawasawa na mpindo wa nje wa kipande, kadibodi ikiwa imesimama wima juu ya uso. Sasa una upinde kwenye kadibodi. Chora mstari wa moja kwa moja kutoka ncha ya upinde mpaka ncha nyingine, pima urefu wake. Alafu pima kutoka katikati ya huo mstari mpaka kwenye kilele cha upinde, hicho ndicho kimo. Urefu uzidishe wenyewe kwa wenyewe, gawanya kwa kimo mara nne, jibu ongeza kimo. Tuseme mstari ni inchi 3 na kimo ni inchi 0.57: tisa gawanya kwa 2.28 ni kama 3.95, jumlisha 0.57 unapata 4.52. Pauni 12, saizi ya Napoleon. Kipande cha dola chache kimeshakutajia saizi ya mzinga wake. Kama kipande ni cha kombora refu lenye umbo la risasi, pima kwa kukatisha upana, sio kufuata urefu, vinginevyo utapata jibu la ajabu.

Upande wa ndani nao usome. Ukikuta ukuta wa ndani ni bapa badala ya kupinda, na kipande kimekatika kwa pembe tano nadhifu, kile ni cha Kusini. Wale Confederate, yani majimbo ya Kusini yaliyojitenga, walitengeneza makombora yenye uwazi wa pande nyingi ndani ili yapasuke vipande vilivyolingana badala ya kupasuka ovyo. Kipande kimoja cha pembe tano kinanifurahisha kuliko tufe gumu zima, maana tufe gumu linaweza kuwa la yeyote. Ukikuta ukuta mwembamba wenye vishimo vya mviringo upande wa ndani, hapo gololi zilikuwa zimebanana. Kama bado kuna gundi ya manjano kati ya vishimo hiyo ni salfa, ndivyo walivyozoea Kaskazini. Ikiwa nyeusi kama lami au ya utomvu wa msonobari, inaweza kuwa ya Kusini, ila usikate shauri kwa hiyo peke yake. Na gololi zenyewe zikiwa za chuma badala ya madini ya risasi, Kusini tena, maana risasi ilikuwa inawaishia wakaihitaji kwa bunduki.

Upande wa makombora marefu, ya mizinga yenye mifereji ndani ya bomba, kitu cha kutafuta ni saboti. Hii ni ile sehemu laini ya shaba au risasi iliyokuwa kiunoni au kitakoni mwa kombora, mzinga ukifyatuka inatanuka inajikandamiza kwenye mifereji na kombora linatoka linazunguka. Mara nyingi ilichomoka ikaanguka njiani, kwahiyo inapatikana peke yake. Ishike uigeuze kwenye mwanga, utaona alama za mifereji zimechongwa ubavuni kwa mshazari. Zihesabu. Ule mzinga wa inchi 3 wa chuma cha kufua uliotengenezwa Phoenixville, Pennsylvania una mifereji 7. Mzinga wa Parrott wa pauni 10 una 3 tu. Parrott wa pauni 20 una 5. Yani kipande cha risasi kilichojikunja kinaweza kukupeleka mpaka kwenye aina ya mzinga bila kuuliza mtu. Na kama hakina alama yoyote, huenda kombora lake lilidondoshwa au lilikuwa kwenye ghala, au lilipigwa ila saboti haikushika mifereji.

Majina ya makombora utakayokutana nayo sana ni Hotchkiss, ambalo ni la vipande vitatu, pua, mkanda wa risasi katikati na kikombe cha chuma chini, mzinga ukipiga kikombe kinasukuma mkanda unatanuka. Vikombe vya Hotchkiss ni vingi na ni bei rahisi, kitu kizuri sana cha kuanzia. Schenkl ina mkia wa koni wenye mbavu, saboti yake ilikuwa ya karatasi iliyosagwa na kugandishwa, kwahiyo usitegemee kuiona ardhini, ilishaoza zamani. Parrott yenyewe ilitoka kiwanda cha West Point Foundry kule Cold Spring, New York. Na Whitworth, ile ya Kiingereza yenye pembe sita zilizopinda kama zimenyongwa, Confederate walikuwa na mizinga miwili ya aina hiyo Gettysburg, ikapiga kutoka Oak Hill. Ni adimu, inapendwa, inaghushiwa. Mgeni asianze nayo.

Fyuzi za Bormann nazipenda kuliko zote. Ni kidude cha duara cha bati na risasi kimefungwa juu ya tufe, kina mizani ya namba kuanzia moja hadi tano na vistari vya robo robo, mwisho sekunde tano na robo. Mpiga mzinga alichukua chombo chenye ncha akatoboa kwenye sekunde anayotaka kombora lipasuke. Ukipata iliyopigwa, tundu lake bado lipo. Unaona kabisa kwamba siku ile mtu alikadiria adui yuko umbali wa sekunde mbili na nusu, akatoboa kati ya mbili na tatu. Kwa bahati mbaya ikiwa bado iko kwenye tufe zima basi kombora halikupasuka, kwahiyo yale ya tundu la drili niliyosema juu yanarudi palepale. Nunua ile iliyochomoka peke yake, utalala usingizi.

Kusafisha. Hii sehemu yote ni ya vipande na matufe magumu uliyoyahakikisha, kombora lenye uwazi ndani halihusiki hapa hata kidogo, usilitie umeme, usilitie oveni, usiliguse na grainda.

Chuma kilichokaa ardhini kinanyonya chumvi, na hiyo chumvi ndio inayokiua baada ya kukitoa, sio kutu unayoiona. Unakileta ndani kinaonekana kizuri, miezi michache baadaye kinatoa vitone vya kahawia juu yake alafu kinaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Vya pwani, kama vya Fort Fisher au Charleston, ndio balaa zaidi. Kwahiyo brashi ya waya na mafuta havisaidii, unakuwa umekipaka mgonjwa poda.

Njia ambayo mtu wa kawaida anaimudu ni ya umeme. Ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia, yani sodiamu kaboneti, sio ile ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila galoni. Chaja ya betri ya gari ya volti 12. Waya hasi unaenda kwenye kipande chako, waya chanya unaenda kwenye bati la chuma cha kawaida ambalo huna shida nalo maana litaliwa. Ukigeuza waya kitakacholiwa ni kipande, kwahiyo angalia mara mbili. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya hata kama kiko jikoni kinakutazama, kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji na utahangaika pa kuyamwaga. Kazi hii fanya nje au kwenye hewa inayopita maana inatoa gesi ya haidrojeni, weka umeme mdogo tu, vipovu vya polepole ndio vizuri, na chomoa kwenye ukuta kabla hujatia mkono. Inachukua siku nyingi, mara nyingine wiki. Kutu inalainika inatoka kwa brashi ya nailoni. Usikwangue mpaka uone chuma cheupe, uso halisi wa kitu mara nyingi uko ndani ya lile tabaka jeusi la mwisho, ukilivuka umeufuta.

Kipande chenye madini ya risasi, salfa au fyuzi usikitie humo kabisa. Risasi inaliwa na maji makali ya soda, na lile ganda jeupe au la kijivu lililoshikamana juu yake ndilo linaloilinda, liache. Maji safi na mswaki laini vinatosha, alafu nawa mikono kabla hujashika chakula.

Baada ya umeme unakilaza kwenye maji ya dukani yaliyokenekwa (distilled), sio ya bomba, unabadilisha kila baada ya siku kadhaa mpaka vijikaratasi vya kupima kloraidi vikae kimya. Hapa ndipo watu wanapochoka wakaruka, na hapa ndipo vitu vinapokuja kuharibika mwakani. Ukimaliza, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo (chuma kitupu tu, narudia), kipake asidi ya taniki kigeuke cheusi chenye ubluu, kikikauka kipake nta maalum ya kuhifadhia, ile wanayotumia makumbusho, kingali na uvuguvugu ili iingie kwenye vinyweleo. Vanishi ya kung'aa mimi siipendi, inafanya kitu cha 1862 kionekane kimetoka dukani.

Kuhifadhi, droo kavu yenye pakiti za silika jeli, badilisha zikilowa. Droo za mbao za mwaloni zinapendeza sana na ni adui wa madini ya risasi, mbao ile inatoa mvuke wa asidi, na gololi zako zitaota unga mweupe mpaka ziishe. Droo ya chuma kilichopakwa rangi au ya plastiki nzuri inatosha.

Kila kipande kiwe na namba ndogo iliyoandikwa kwa wino juu ya tone la vanishi inayofutika, upande usioonekana, na daftari lenye namba hiyohiyo: kimetoka shamba gani, wilaya gani, nani alichimba, lini, umelipa ngapi, kipenyo, uzito. Lebo ya zamani usiitupe hata kama imechanika, ibandue uihifadhi ndani ya bahasha. Kipande bila lebo ni chuma chakavu chenye hadithi nzuri, na mnunuzi wa baadaye atakilipia hivyo hivyo.

Mkiwa na mpango wa kuleta kitu nyumbani, msiweke kombora kwenye begi la ndege hata kama lina tundu na cheti, likionekana kwenye skrini pale uwanjani watafunga foleni nzima na maelezo yako ya Parrott na Hotchkiss hayatasikilizwa. Vipande vidogo ndio vya kusafiri navyo, na hata hivyo uliza forodha za pande zote mbili kwanza, hasa huko unakokipeleka.

Na ukishakuwa na kombora zima hata moja, andika karatasi: hili limetolewa baruti, limetobolewa na fulani, mwaka fulani, tundu liko hapa, risiti hii hapa. Iache kwenye droo hiyohiyo ambamo kombora limo. Siku haupo, au umelazwa, au shemeji kaja kupanga vyumba akalikuta, bila hiyo karatasi mtaa mzima utahamishwa. Iandike kwa Kiingereza, maana watakaoisoma ni polisi wa huko.